Mume Awe Mwenza Wako Majini, Asiwe Mwalimu Wako



Fungate za siku hizi haziishii chumbani. Maharusi wanatoka, wanapanda mashua, wanakwenda mwambani kuangalia samaki, na wengi wanarudi na hamu mpya: kujifunza kupiga mbizi kwa pumzi moja, bila mtungi wa hewa, na baadaye kuwinda samaki kwa mshale. Maswali ninayoulizwa na mabibi harusi ni yale yale. Je, inafaa kwa mwanamke wa Kiislamu? Nivae nini? Na mume wangu anajua kuogelea, si atanifundisha mwenyewe?

Jibu langu kwa swali la kwanza ni ndiyo. La pili tutalifikia. La tatu ndilo lililonifanya niandike, na jibu langu ni hapana. Mume awe mwenza wako majini. Ualimu mwachieni mwalimu.

Bahari haikuwa ya wanaume peke yao

Tuanze na wanaosema bahari si mahali pa mwanamke. Hao hawajaamka alfajiri ya bamvua wakaona nani yuko ufukweni. Bibi zetu wamechokoa pweza na kuokota chaza tangu enzi na enzi. Kilimo cha mwani kilipoanza pwani ya mashariki ya Unguja mwishoni mwa miaka ya 1980, wanawake ndio waliokibeba. Jambiani wapo wanawake wanaolima sponji, na kazi hiyo imewalazimu kujua kuogelea. Nungwi mabinti wamefundishwa kuogelea kupitia mradi wa Panje, wamevaa mavazi yaliyowasitiri mwili mzima. Mbali na kwetu, katika kisiwa cha Jeju cha Korea Kusini, wapo wanawake wanaozamia kwa pumzi zao kutafuta riziki, wengine wakiwa na umri wa zaidi ya miaka 70, na mwaka 2016 UNESCO iliutambua utamaduni wao kuwa urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu.

Katika dini pia hatukunyimwa. Imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alishindana mbio na Bi Aisha (r.a.), safari ya kwanza akashinda Bi Aisha, safari nyengine akashinda Mtume. Na katika hadithi aliyoipokea Imamu Nasai, kucheza na mke na kujifunza kuogelea vimetajwa pamoja katika michezo michache isiyohesabiwa kuwa ni upuuzi. Kwa hivyo anayekwenda kujifunza na mumewe, akiwa na stara na nia njema, hajatoka nje ya mwendo.

Tatizo letu ni kwamba tumezaliwa kisiwani na wengi wetu hatujui kuogelea. Somo anamfunda mwari mambo mengi kabla ya harusi, lakini kuogelea hakumo. Mwanamke anakuja kuingia maji marefu kwa mara ya kwanza akiwa ameolewa, nyuma ya mwanamme aliyecheza baharini tangu utotoni.

Kwa nini mume asifundishe

Mume aliyekulia majini hajui alijuaje. Ukimuuliza masikio yake anayafunguaje, atakwambia, "Ninabana pua tu." Hawezi kukueleza kwa nini yako yanakataa. Halafu ana haraka, anataka mfurahi pamoja leo leo, na wewe hutaki kumwangusha. Hapo ndipo hatari inapoanza. Mwanamke anashuka na sikio linauma kwa sababu anaona haya kusema linauma. Anakaa chini zaidi ya uwezo wake kwa sababu mumewe anatazama. Mapenzi ni kitu kizuri, lakini chini ya maji yanaweza kumfanya mtu anyamaze pale anapotakiwa kusema.

Mwalimu hana hilo. Ukimwambia "sijaweza", anabadilisha zoezi, na hakuna atakayenuna wakati wa chakula cha usiku.

Wapo watakaosema: mume ndiye anayenihusu, nitafundishwaje na mtu baki? Hoja hii ni ya kweli na haifai kubezwa. Kwanza tafuta mwalimu wa kike, ukiulizia mapema unaweza kumpata. Ukikosa, chukueni mafunzo nyote wawili kwa pamoja, darasa moja, mume akiwepo mwanzo hadi mwisho, hata kama anajiona mjuzi. Katika mafunzo haya kuna zoezi la kumwokoa aliyezimia, na ndani yake mtu anashikwa kichwa na kidevu. Mwambieni mwalimu tangu siku ya kwanza kwamba zoezi hilo mtalifanya nyinyi kwa nyinyi na yeye ataelekeza kwa maneno. Mwalimu anayejua kazi yake hatoona tabu.

Mafunzo yana gharama, sikatai. Kama fedha ni kidogo, ahirisheni mapezi marefu na miwani ya bei. Mafunzo yatangulie.

Mmoja chini, mmoja juu

Kanuni kubwa ya mchezo huu ni kwamba mtu hazamii peke yake. Mmoja anashuka, mwengine anabaki juu akimtazama. Akitoka, unaendelea kumtazama kwa nusu dakika nzima kabla ya kuona mambo yamekwisha. Wengi wanaozimia, hawazimii kule chini. Wanazimia wakikaribia kutoka, au wakishatoka na kuvuta pumzi moja mbili. Anapopanda, mgandamizo wa maji unapungua, na oksijeni iliyobaki mwilini inashindwa ghafla kuitosha akili. Mtu anaweza kukuonesha dole kwamba yuko salama, kisha akalegea mbele ya macho yako. Ukimshika upesi, ukamweka uso juu ya maji, ukamvua miwani, ukampulizia usoni na kumwita jina lake, mara nyingi anarudi baada ya sekunde chache. Ukiwa umegeuka kuangalia samaki, amezama.

Sasa fikiri. Wanawake wangapi wanapelekwa mwambani "kumsindikiza" mume, wakae kwenye mashua na simu mkononi? Mke wa namna hiyo anampenda mumewe, lakini hawezi kumtoa majini. Kwa maana hiyo mumewe anazamia peke yake, ingawa wametoka nyumbani wawili. Ndiyo maana nasema mke akijifunza anakuwa amana ya roho ya mumewe, na mume amana ya roho yake. Mwenyezi Mungu ametukataza kujitia wenyewe katika maangamizi, na kuzamia bila mtu wa kukutazama ni kuyafuata.

Kutokana na kanuni hii inatoka nyengine, nayo ndiyo ninayoipenda: aliye nyuma ndiye anayepanga kina. Mke akiweza mita tano, siku hiyo mnafanya mazoezi ya mita tano. Mume asishuke ishirini huku anayemlinda hawezi kumfikia.

Masikio na pumzi

Ukifika mita 10, mgandamizo wa maji ni mara mbili ya ule wa juu, na hewa iliyomo mapafuni imebanwa hadi nusu. Ndiyo maana masikio yanauma mapema, tena katika mita chache za mwanzo. Yasawazishe kabla hayajauma, kila unaposhuka mita moja. Yakikataa, geuka upande. Usilazimishe. Ukiwa na mafua, usizamie siku hiyo.

Ile hamu kali ya kuvuta pumzi inatokana na hewa chafu kujaa mwilini, wala haimaanishi kwamba oksijeni imekwisha. Mwanafunzi akijua hili anatulia. Lakini lisikudanganye ukaanza kuhema haraka haraka kabla ya kushuka ili ukae sana. Kuhema hivyo hakukuongezei oksijeni ya maana. Kunaiondoa hewa chafu, yaani kunainyamazisha kengele inayokuonya, na unazimia bila kuhisi kitu. Pumua taratibu, na baada ya kutoka pumzika angalau mara mbili ya muda uliokaa chini.

Mjamzito asizamie. Na siku ya saumu iache bahari. Mwili hauna maji, na maji ya puani yanakuingiza katika mashaka ya funga yako.

Chagueni pia wakati. Kusi likivuma, pwani ya mashariki si ya mwanafunzi. Bamvua linakuja na mkondo mkali, basi anzeni siku za maji mafu, na muulizeni mvuvi wa hapo kabla ya kuingia.

Stara inayofaa majini

Baibui na mtandio havifai kuzamia, na sababu si dini. Kitambaa kilegevu kinakunywa maji, kinakuwa kizito, kinanasa kwenye tumbawe na kinaweza kukuziba mdomo. Vaa vazi la kuogelea la mwili mzima, au nguo ya kuzamia ya mpira na juu yake kanzu fupi ya kitambaa kinachokauka haraka, isiyokuwa na mikanda wala kamba. Kichwani vaa kofia ya kuzamia inayobana hadi shingoni. Pini zote acha nyumbani.

Jambo moja wengi hatuambiwi: miwani ya kuzamia inatakiwa ikae juu ya ngozi. Ukingo wa kofia ukiingia chini ya mpira wa miwani, hata kidogo, maji yataingia na utadhani miwani ni mbovu. Weka kofia nyuma kidogo ya paji, vaa miwani, kisha rudisha kofia juu ya ukingo wa miwani.

Na mshale je?

Hapa baadhi ya mabwana watanichukia. Mawindo ya bahari ni halali, na Qur'ani katika Suratul Maida inayahalalisha hata kwa aliyehirimia Hija, ambaye mawindo ya nchi kavu amekatazwa. Samaki hahitaji kuchinjwa. Hilo halina ubishi.

Lakini kwetu Zanzibar bunduki ya mishale imo katika zana za uvuvi zilizokatazwa, pamoja na baruti, sumu na juya la kukokota. Kenya nao waliipiga marufuku mwaka 2001. Mtu akikuuzia bunduki hiyo kama zawadi ya harusi, amekuuzia kesi. Na makatazo hayo yana maana. Mzamiaji anamfuata samaki mpaka kwenye pango lake na kumchagua mkubwa. Chewa wengi huzaliwa majike, kisha baadhi yao hugeuka madume wakikua, kwa hivyo ukimaliza wakubwa umemaliza madume. Pono naye anasafisha mwani juu ya matumbawe. Ukimtoa, mwamba unavaa majani. Kule Kisiwa Panza, Pemba, wanakijiji wamekuwa wakifunga sehemu za mwamba kwa miezi ili pweza wakue. Itakuwaje sisi tuingie na mishale kwa ajili ya picha?

Kwa hiyo kwa mliopo nyumbani, ushauri wangu ni huu: jifunzeni kuzamia, na samaki mtafuteni kwa mshipi, au mfuatane na kina mama kuchokoa pweza maji yakitoka. Mlioolewa Oman na kwengineko, ulizeni kwanza vibali, maeneo na misimu ya huko. Panaporuhusiwa, mshale mmoja unatosha watu wawili: mmoja anawinda, mwengine anatazama, kisha mnabadilishana. Hautegwi nje ya maji, haumwelekei mtu hata ukiwa haujategwa, na hampigwi samaki msiyemjua au msiyekusudia kumla. Na mshale usishikwe kabla kuzamia kwenyewe hakujawa jambo la kawaida kwenu. Anayewinda anasahau pumzi yake kwa sababu moyo uko kwa samaki.

Kabla hamjatoka nyumbani

Kaeni chini mkubaliane maneno mawili. La kwanza ni "leo sizami", ambalo yeyote kati yenu anaweza kulisema bila kuulizwa kwa nini. La pili ni "tumalize", na likisemwa mara moja mnatoka nyote. Mume akiyaheshimu maneno haya majini, utaona ni jinsi gani anavyokusikiliza na nchi kavu. Asiyeyaheshimu, usishuke naye hata mita moja, na mwambie hivyo kwa upole mkiwa bado nyumbani.

Haraka haraka haina baraka, na ndoa ina miaka mingi mbele, inshaallah. Mwambao ule ule utakuwepo kaskazi ijayo. Anzeni kwenye maji ya kifuani, mkatazamane vyema, na mrudi nyumbani wawili kama mlivyotoka.

Allah azijaalie ndoa zetu mapenzi na huruma, na atuhifadhi baharini na nchi kavu. Amin.