Vita si kisingizio cha kulinyamazisha Bunge

Wahenga walisema kwamba vita havina macho. Huua askari na raia, mkubwa na mdogo, mwenye hatia na asiye nayo. Lakini kuna jambo jingine ambalo vita hulijeruhi mapema, nalo ni ile desturi ya wananchi kuiuliza serikali yao maswali. Mara tu mzinga wa kwanza unapolia, hutokea watu wakasema kwamba huu si wakati wa mijadala, kwamba mishahara ya walimu, bei ya unga na haki za wafungwa ni mambo ya kungojea amani. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kauli hiyo yafaa kutiliwa shaka, hata pale inapotolewa na watu wenye nia njema.

Tuchukue mfano unaowahusu walimu. Tarehe 28 Machi 1944, Vita vya Pili vya Dunia vikiwa bado vimepamba moto, Bunge la Uingereza lilikuwa likijadili mswada wa elimu uliowasilishwa na Waziri R. A. Butler. Mbunge mmoja wa kike, Thelma Cazalet-Keir, alipendekeza marekebisho ya kifungu kimoja ili walimu wa kike walipwe sawa na wenzao wa kiume. Kura zilipohesabiwa, marekebisho hayo yalipita kwa kura 117 dhidi ya 116. Serikali ya mseto ya Winston Churchill, iliyokuwa na wingi mkubwa ajabu Bungeni, ilikuwa imeshindwa kwa kura moja tu.

Churchill alighadhibika. Alilitaka Bunge lirejee kifungu hicho siku mbili baadaye, akatangaza kwamba kura hiyo ingekuwa ya imani kwa serikali yake. Mbunge yeyote ambaye angewaunga mkono walimu wa kike angehesabiwa kuwa anaiangusha serikali katikati ya vita. Bila shaka, wengi walisalimu amri na marekebisho yakafutwa. Walimu wa kike wa Uingereza walianza kupandishiwa mishahara hatua kwa hatua mwaka wa 1955, na usawa kamili ukafikiwa mwaka wa 1961. Swali linalotukabili ni hili: je, malipo sawa ya mwalimu wa kike yangemzuia askari gani kupigana? Vita vilikuwa kweli, hatari ilikuwa kweli, lakini hoja iliyojengwa juu yake haikuwa na msingi.

Hata hivyo, haki yatudai tutazame upande wa pili. Kura ile isingepigwa kamwe kama Bunge lingekuwa limefungwa. Usiku wa tarehe 10 Mei 1941, mabomu ya Ujerumani yaliuteketeza ukumbi wa wabunge jijini London. Shughuli hazikukoma. Wabunge walihamia jengo la Church House lililokuwa karibu, kisha katika ukumbi wa Malodi, na wakaendelea kukaa huko hadi ukumbi mpya ulipofunguliwa mwaka wa 1950. Saa ya maswali iliendelea. Mawaziri walisimama kueleza kuhusu chakula cha mgao, makaa ya mawe na posho za wake wa askari. Mswada wa Butler wenyewe uliendelea kupitia hatua zake hadi ukawa sheria mnamo Agosti 1944, ukaondoa ile kanuni iliyowafukuza kazi walimu wa kike walioolewa.

Wengi huziona shughuli hizi za kila siku kuwa porojo. Na wakumbuke kisa cha Mei 1940. Majeshi ya Uingereza yalikuwa yameshindwa huko Norwei, na Bunge likakaa kujadili hoja ya kawaida kabisa, hoja ya kuahirisha kikao. Katika hoja hiyo ndogo wabunge walimimina ghadhabu zao kwa siku mbili. Serikali ya Neville Chamberlain ilishinda kwa kura 281 dhidi ya 200, lakini wafuasi wake wengi walikuwa wamemtoroka, na tarehe 10 Mei akajiuzulu. Churchill mwenyewe, aliyekuja kuudhiwa na kura ya walimu, alipata uwaziri mkuu kwa sababu Bunge lilithubutu kuikosoa serikali wakati wa vita.

Kuna kisa kingine kinachostaajabisha. Mbunge Archibald Maule Ramsay, mtu mwenye siasa za chuki dhidi ya Wayahudi, alizuiliwa gerezani bila kufunguliwa mashtaka kuanzia Mei 1940 hadi Septemba 1944. Mwandishi huyu hana la kumtetea. Lakini tuzingatie jambo hili: akiwa gerezani, Ramsay aliendelea kuwapelekea mawaziri maswali ya maandishi. Serikali iliyomfunga haikuliziba swali lake.

Kwa nini swali liwe na thamani kiasi hicho? Sisi tunaofundisha lugha tunajua hila za kauli ya kutendwa. Serikali wakati wa hatari huipenda mno: “imeamuliwa”, “imeonekana inafaa”, “watu wamezuiliwa”. Mtendaji hutoweka katika sentensi kama chumvi katika maji. Swali la mbunge ndilo linalomrudisha: nani ameamua? Kwa sheria ipi? Kwa fedha za nani? Nalo jibu huandikwa katika kumbukumbu rasmi za Bunge, likabaki humo hata baada ya waziri na askari kuzikwa.

Sisi Wakenya hatuwezi kukisoma kisa hiki kwa kukisifu tu. Mnamo Julai 1940, Uingereza ikiogopa kuvamiwa, Bunge lile lilipitisha sheria ya kutenga pauni milioni 5 kwa mwaka kwa maendeleo ya makoloni. Mwaka wa 1942, wabunge wa chama cha Leba, akiwemo Arthur Creech Jones, walihoji Waafrika wa Kenya kulazimishwa kufanya kazi katika mashamba ya walowezi. Lakini aliyelazimishwa hakuwa na mbunge wake wa kumtuma. Vijana wetu wa King's African Rifles walipelekwa Uhabeshi, Madagaska na Bama bila ya kuwa na kura nyumbani. Katika Baraza la Kutunga Sheria la Kenya, lililoundwa mwaka wa 1907, masilahi ya Waafrika yalisemewa na Wazungu hadi Oktoba 1944, alipoteuliwa Eliud Mathu. Na Mathu, walimu wenzangu, alikuwa mwalimu. Waafrika walipiga kura ya kuwachagua wajumbe wao kwa mara ya kwanza mwaka wa 1957. Bunge linaloendelea na kazi vitani ni jambo jema, ila wema wake huishia pale anapoishia mpiga kura.

Uingereza yenyewe ilikuwa na dosari hiyo. Bunge lililochaguliwa mwaka wa 1935 lilijiongezea muda mwaka baada ya mwaka, na wananchi hawakupiga kura ya uchaguzi mkuu hadi Julai 1945. Walipoipiga, walimwondoa Churchill.

Katiba yetu ya 2010 imeweka mipaka. Kenya ikiwa vitani, Bunge laweza kujiongezea muda kwa miezi isiyozidi 6 kwa mara moja, kwa idhini ya thuluthi mbili ya wabunge wote katika kila Bunge, wala nyongeza zote zisizidi miezi 12. Tangazo la hali ya hatari haliwezi kudumu zaidi ya siku 14 bila ya Bunge la Taifa kulijadili hadharani na kulipigia kura. Nyongeza ya kwanza yahitaji thuluthi mbili, na zinazofuata robo tatu. Vifungu hivi havikuandikwa kwa bahati. Nchi iliyoonja Hali ya Hatari ya mwaka wa 1952 inajua jinsi neno “hatari” linavyoweza kumeza maneno mengine yote.

Lakini katiba haijisomi wala haijitetei. Siku itakapofika ambapo kiongozi, awe mwema au mbaya, atasimama kusema kwamba swali fulani lingojee amani, ni lazima wawepo wananchi waliozoea kuuliza: lingojee kwa sababu gani? Mazoea hayo huanzia darasani. Mwalimu anayemkaripia mwanafunzi kwa kuuliza “kwa nini” anamwandalia waziri wa kesho raia mkimya. Wahenga hao hao walituonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Kura moja ya mwaka wa 1944 ilikuwa ufa ambao ungezibika jioni ile ile. Walimu wa kike wa Uingereza walingoja miaka 17 ukuta ujengwe.