Usiache Mbachao: Kiondo cha Ukambani Kipewe Jina Lake

Mwezi uliopita nilisimama katika soko la Kalundu, mjini Kitui, mbele ya mama mmoja aliyetandaza viondo vyake juu ya gunia. Begani nilikuwa na kiondo cha marehemu nyanya yangu, aliyekisuka Mbooni, zamani zile kabla Makueni haijamegwa kutoka Machakos na kuwa wilaya mwaka 1992. Mama yule alikitwaa, akakipindua, akapitisha kidole gumba juu ya kitako chake mara mbili, kisha akatamka: "Mwanangu, hiki si cha huku. Hiki ni cha watu wa Mbooni." Nami sikuwa nimemwambia lolote kuhusu asili yangu.

Juma hilo hilo nilirejea Nairobi, nikapita katika duka moja linalowauzia watalii. Viondo vilikuwa vimepangwa vizuri rafuni, vimetiwa mikanda ya ngozi, na kila kimoja kimefungiwa kijikaratasi chenye bei na maelezo kwa Kiingereza kwamba hicho ni kikapu cha Afrika. Hapakutajwa Kitui, hapakutajwa Makueni, sembuse kijiji au msukaji. Bei yenyewe ilinikumbusha kwamba kile nilichonunua Kalundu hakikufikia hata nauli yangu ya kurudi Nairobi.

Ndugu msomaji, umbali uliopo baina ya kidole cha mama yule na kijikaratasi kile ndio ninaotaka kuuzungumzia leo. Mama anao ujuzi wa kutambua mahali, ilhali karatasi imeufuta. Baina ya hao wawili kuna watu wanaotajirika na watu wanaobaki walivyo.

Tuwatazame wenzetu wa mashariki, wasukaji wa mazulia ya mafundo. Zulia la namna hiyo hufumwa kwenye kitanda cha mfumi: nyuzi za mtande husimamishwa wima, fundo moja moja la sufu hufungwa juu yake kwa mkono, halafu uzi wa mshindio hupitishwa na kushindiliwa. Ni kazi ya miezi, pengine miaka. Lakini ukiingia katika duka la mazulia, popote duniani, hutasikia likiuzwa "zulia la Asia." Utaambiwa hili ni la Tabriz, lile ni la Kashan, lile la Isfahan, lile la kabila la Waqashqai wa mkoa wa Fars. Mnunuzi hujifunza kwamba kila mji una fundo lake, rangi zake na michoro yake, na hulipia tofauti hizo. Katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert, London, limo zulia maarufu la Ardabil, lenye urefu unaozidi mita 10. Pembezoni mwake limefumwa jina la Maqsud wa Kashan pamoja na mwaka wa Kiislamu 946, yaani 1539 au 1540. Karne tano karibu zimepita, na bado twajua lilikamilishwa lini na chini ya jina la nani. Mwaka 2010 UNESCO iliingiza ustadi wa kufuma mazulia wa Fars na ule wa Kashan katika orodha ya urithi wa binadamu, kila mmoja kwa jina la mahali pake. Huko Kashan wafumaji walio wengi ni wanawake, na binti hujifunza kwa mama yake na nyanya yake, sawasawa na ilivyo Ukambani.

Hata hivyo, nisije nikawapambia mambo. Mazulia hayo hayo yanatufundisha pia hatari ya jina. Yako mazulia mekundu ambayo ulimwengu unayaita ya Bukhara. Wafumaji wake wa asili hawakuwa watu wa Bukhara bali Waturkmeni. Bukhara ulikuwa mji wa soko yalikouzwa. Mchuuzi ndiye aliyelipa jina, na jina likafuata soko badala ya kumfuata mfumaji. Leo hii mazulia mengi yanayoitwa ya Bukhara hufumwa Pakistani. Vivyo hivyo, fundo ambalo wataalamu wamezoea kuliita la Senneh limechukua jina la mji ambao wafumaji wake hutumia fundo la aina nyingine. Mwanaisimu hujifunza mapema kwamba jina si kitu chenyewe. Jina ni mapatano ya watu, na ambaye hayupo barazani wakati wa mapatano hutajwa na wengine, na mara nyingi hutajwa visivyo.

Tukirudi kwetu, Kiswahili cha pwani kilikuwa na uangalifu mkubwa katika mambo haya. Mswahili hakuridhika na neno moja la kitu cha kutandika. Alikuwa na mkeka, jamvi, msala, busati, kirago na kitanga, tena kila kimoja kwa kazi yake. Katika vyombo vya kuchukulia alitofautisha kikapu, pakacha na jamanda. Wingi wa maneno ni ushahidi wa wingi wa maarifa. Kiondo nacho kina ukoo wake: Kikamba husema kyondo, na kwa wingi syondo, Gĩkũyũ husema kĩondo, na kwa wingi ciondo, Kiswahili kikalipokea neno hilo na kulitia katika ngeli yake ya ki-vi bila taabu. Neno hilo limesafiri hadi katika Kiingereza cha Kenya. Lililosafiri, hata hivyo, ni jina la jumla tu. Msamiati wa ndani, yaani majina ya hatua za kusuka, ya mistari, ya rangi, ya namna za kuanza kitako na kumaliza ukingo, umebaki midomoni mwa kina mama wazee wa Mutomo, Ikutha, Kathonzweni na Mbooni, nao wazee hao wanapungua kila mwaka.

Kwa wanafunzi ambao hawajaona kazi hii, nieleze kwa ufupi. Jani la mkonge hukwanguliwa hadi zibaki nyuzi. Nyuzi huoshwa, huanikwa, hutiwa rangi, kisha husokotwa juu ya paja kwa kiganja. Kusuka huanzia kitakoni, nyuzi za mtande zikitawanyika kama miale ya jua, na nyuzi mbili za mshindio zikizunguka na kupishana katika kila mtande. Kiondo kinapopanuka, mitande mipya huongezwa. Hakuna kitanda cha mfumi wala mashine. Mwanamke husuka akitembea kwenda mtoni, akichunga mbuzi, au akingoja zamu kwenye zahanati. Mkonge wenyewe ni mgeni: ulitoka Amerika, ukaletwa Tanganyika mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Kabla yake nyuzi zilitoka katika magome ya miti kama mbuyu. Hivyo mila hii haikuwahi kuganda; ilipokea malighafi mpya ikabaki na akili yake. Nasema hivyo kwa sababu wapo wanaodhani kuihifadhi ni kuifungia kabatini.

Sasa nije kwenye hadithi ambayo kila nifundishapo somo la lugha na utamaduni mwanafunzi mmoja lazima ainuke kuisimulia: kwamba Wajapani walikwisha kusajili hataza ya kiondo, na kwamba sasa si chetu tena. Hadithi hii imerudiwa magazetini na majukwaani kwa miaka mingi, nayo huja bila nambari ya hataza wala mwaka. Ningependa walimu waipime. Hataza hutolewa kwa uvumbuzi mpya. Kitu ambacho nyanya zetu walikisuka hadharani kabla ya sisi kuzaliwa hakiwezi kuwa uvumbuzi mpya wa mtu wa Tokyo. Mtu anaweza kupata hataza ya mashine ya kusuka au ya kifungo kipya cha mkanda, lakini hilo halimfanyi mmiliki wa kiondo. Ubaya wa hadithi hii ni kwamba inatupa faraja ya uongo. Inatwambia tumeibiwa na mtu wa mbali, kwa hiyo hatuna la kufanya ila kulalamika. Viondo vya kuiga vilivyotengenezwa Asia vilipoingia sokoni baada ya shamrashamra za mauzo ya miaka ya 1970 na 1980, havikuhitaji hataza yoyote. Mlango ulikuwa wazi, kwani hapakuwa na jina lililosajiliwa ambalo viondo hivyo vingelivunjia heshima.

Kikoi chatuonyesha kwamba mlango unaweza kufungwa. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili neno "kikoy" liwe alama yake ya biashara. Wakenya, pamoja na marafiki wao wa biashara ya haki huko Uingereza, waliweka pingamizi, na ombi hilo likaachwa. Vita hivyo vilikuwa vya neno, na neno lilikuwa na watetezi. Uingereza yenyewe yajua thamani ya jambo hili: sheria yake ya mwaka 1993 yasema kitambaa cha Harris Tweed ni kile tu kilichofumwa kwa mkono na watu wa visiwa vya Outer Hebrides majumbani mwao.

Nasi hatukukosa sheria. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 11, inalitaka Bunge litunge sheria ya kuhakikisha jamii zinalipwa utamaduni wao utumiwapo. Mwaka 2016 Bunge lilipitisha sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni, nayo inazikabidhi serikali za kaunti jukumu la kuweka daftari la maarifa hayo. Aidha, sheria yetu ya alama za biashara inaruhusu kikundi kusajili alama ya pamoja, hata yenye jina la mahali. Basi yafaa tuulize, Kitui na Makueni: daftari hilo liko wapi, na ndani yake mmeandikwa nini kuhusu kiondo? Na kama halijaandikwa kitu, wa kuandika ni nani?

Jibu langu ni kwamba waandishi wa kwanza ni walimu na wanafunzi. Mtaala wa umilisi unawataka watoto wasuke na wafinyange. Nimeshuhudia yanayotokea: mzazi hukimbilia sokoni, hununua kiondo kilichokamilika, mtoto hukipeleka shuleni, naye hupewa alama nzuri. Aliyestahili alama hiyo yuko sokoni, wala hakuulizwa jina. Enzi za 8-4-4 tulifanya vivyo hivyo katika somo la sanaa na ufundi, kwa hiyo siwalaumu watoto. Lakini mwalimu aweza kuligeuza zoezi. Badala ya kumwambia mtoto alete kiondo, amwambie alete maneno: aende kwa nyanya yake, aandike kwa Kikamba kila hatua inavyoitwa, kila mstari unavyoitwa, na ni vijiji gani husuka vipi. Mtoto atasuka sentimita chache tu kwa mkono wake mwenyewe, nazo zitatosha kumfundisha ugumu wa kazi.

Yako mambo mawili ambayo msomaji makini atayahoji. La kwanza, je, kukipa kiondo majina ya Kitui na Makueni si kuwanyang'anya Wakikuyu, Wataita na Waembu ambao nao husuka? Sivyo. Kiondo ni jina la wote, kama zulia lilivyo jina la wote. Jina la mahali hutofautisha tu, halimfukuzi mtu. La pili, na hili ni zito zaidi, je, tukiyaandika maarifa hayo hatutakuwa tumemfungulia mwizi ghala? Hatari hiyo ipo. Ndiyo maana kina mama wenyewe lazima waridhie kinachoandikwa, na alama ya pamoja iwe mikononi mwa vikundi vyao, si mikononi mwa mchuuzi wala ofisa. Kama si hivyo, tutakuwa tumezalisha Bukhara yetu: jina la Kitui litang'aa madukani, na msukaji wa Mutomo abaki na bei ile ile.

Tarehe 28 Agosti 2017 Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa. Ilikuwa siku ya kiondo. Badala yake, mikono yetu ilishika mifuko myepesi ya viwandani, ile iliyofanana na kitambaa, ambayo haikuchukua muda kuchanika na kuzagaa. Tulikuwa tumekwisha kusahau kwamba jibu lilikuwa likining'inia mlangoni kwa nyanya.

Wahenga walituasa tusiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha ni msala mkuukuu, uliochakaa kwa magoti ya mwenyewe, na upitao ni wa mgeni atakayeondoka nao. Nilipokuwa nikiondoka Kalundu nilimwuliza mama yule ni nini hasa alichokigusa kitakoni hata akaijua Mbooni. Alinitajia neno moja la Kikamba ambalo mimi, mwenye shahada ya uzamifu katika isimu na mzaliwa wa huko huko, sikuwahi kulisikia. Nililiandika daftarini mwangu, na nitarudi kumwomba ruhusa kabla ya kuliandika mahali pengine. Nawe mwalimu, daftari lako limeandikwa neno gani?