Tairi la akiba halinunuliwi siku ya pancha

Kila mwaka, mwishoni mwa Aprili, Wamarekani hukaa mbele ya televisheni siku tatu wakitazama mchezo usiochezwa. Hakuna mpira, hakuna mwamuzi, hakuna bao. Kuna jukwaa, kuna saa ya kuhesabu dakika, na kuna mtu anayepanda kusoma jina la kijana aliyetoka chuo kikuu. Wenyewe wanaiita drafti. Si ile drafti yetu ya vifuniko vya soda, inayochezwa kivulini pembeni ya lori wakati nyaraka zimekwama forodhani. Hii ni foleni ya timu 32 za futiboli ya Kimarekani, zinazochagua wachezaji wapya kwa zamu, mizunguko saba. Aliyeburuza mkia msimu uliopita huchagua wa kwanza, na bingwa huchagua wa mwisho.

Kesho yake wachambuzi hutoa maksi kama walimu wa zamu. Timu hii imepata A, ile imepata D. Mashabiki hushangilia au hununa, na redio huchemka wiki nzima. Mimi nasema maksi hizo hazina kazi. Zinapima mzigo ulioingia leo. Hazipimi ghala lina nini, na wala haziulizi siku ya kwanza ya tatizo nani atasimama dukani.

Nitatoa mfano mmoja ambao una damu ya Afrika Mashariki ndani yake.

Mwaka 2006 timu ya New York Giants ilikuwa na zamu ya 25. Pittsburgh Steelers, waliokuwa mabingwa wapya, walikuwa wa 32, yaani mkiani mwa mzunguko wa kwanza, na kulikuwa na mpokeaji mipira mmoja, Santonio Holmes, ambaye hawakutaka awapite. Giants wakawaachia nafasi yao. Wakashuka ngazi saba, na kwa hisani hiyo wakaongezewa zamu mbili nyingine, ya 96 na ya 129. Yeyote aliyewahi kumuuzia mtu mwenye haraka anaielewa biashara hiyo.

Zamu ya 32 ilipofika, Giants wakamtaja Mathias Kiwanuka wa chuo cha Boston College. Wasomaji wa Kampala na Masaka hawahitaji kuelezwa jina hilo. Kijana huyo alizaliwa Indianapolis mwaka 1983, lakini babu yake ni Benedicto Kiwanuka, waziri mkuu wa kwanza wa Uganda na baadaye jaji mkuu, aliyechukuliwa mahakamani na askari wa Idi Amin Septemba 1972 na asirudi tena.

Wengi walishangaa. Kiwanuka alicheza pembeni mwa safu ya ulinzi, na kazi yake ilikuwa kumvamia mrusha mpira wa timu pinzani na kumwangusha kabla hajautupa. Giants tayari walikuwa na watu wa kazi hiyo hiyo. Michael Strahan, aliyeangusha warusha mpira mara 22 na nusu katika msimu wa 2001, alikuwa bado yupo. Upande wa pili alikuwepo Osi Umenyiora, mzaliwa wa London mwenye wazazi wa Nigeria, ambaye msimu wa 2005 peke yake aliangusha mara 14 na nusu. (Nusu hutokea wawili wanapogawana mtu mmoja.) Na mwaka mmoja kabla, Giants walikuwa wamemchagua Justin Tuck, naye wa nafasi hiyo hiyo. Kwa nini kuongeza chumvi kwenye stoo iliyojaa chumvi?

Jibu lilikuja Novemba. Strahan aliumia mguu. Umenyiora alikuwa nje kwa jeraha la nyonga. Tuck naye mguu. Katika wiki chache, ghala lililoonekana kufurika likabaki na gunia moja, na gunia hilo lilikuwa Kiwanuka, kijana mgeni kabisa. Kama Giants wangefuata akili ya wale watoa maksi, nafasi hiyo ingejazwa na mtu wa kuokoteza.

Hapo ndipo hoja yangu ya kwanza ilipo. Upana wa kikosi hauhesabiwi kwa idadi ya majina. Kila timu huwa na watu 53, hakuna iliyo na 60. Upana hupimwa kwa swali moja: ukimwondoa aliye bora kuliko wote katika kila nafasi, anayebaki anaweza kuifanya kazi ile ile, au unabadilisha biashara nzima kwa sababu yake? Chukua karatasi ya kikosi, kata jina la kwanza katika kila mstari, usome majina ya pili. Hiyo ndiyo timu utakayoiona Desemba, maana mchezo huu huvunja watu kila wiki.

Hoja ya pili haifurahishi sana, na mashabiki wa Giants wanaikumbuka kwa uchungu. Novemba 26 mwaka huo walikuwa ugenini kwa Tennessee Titans, wakiongoza 21 kwa 0 hadi robo ya mwisho. Titans walikuwa katika jaribio lao la mwisho kabla ya kupoteza mpira. Kiwanuka akamkamata Vince Young, mrusha mpira wao, akamkumbatia kabisa. Kisha akamwachia. Alieleza baadaye kwamba alidhani mpira umeshatupwa, na aliogopa adhabu ya kumwangusha mtu asiye na mpira. Young alikuwa nao bado. Akakimbia yadi 19, Titans wakaendelea, wakasawazisha, na mwishoni wakashinda 24 kwa 21.

Sisemi haya kumcheka. Nasema kwa sababu akiba isiyozoeshwa kazi ni nusu ya akiba. Nguvu za kumkamata Young Kiwanuka alikuwa nazo. Alichokosa ni misimu ya makosa madogo, yale ya kufanyika wakati mwenyewe bado yupo na anaweza kuyafunika. Hilo drafti haliuzi. Kwa hiyo ukisikia timu fulani sasa ina upana kwa sababu imechagua vijana wanane, uliza: wangapi kati yao watacheza Septemba, wakati bado kosa lina bei ndogo?

Hoja ya tatu: upana wa sehemu moja haufuniki uchi wa sehemu nyingine. Msimu huo huo wa 2006 Giants walianza kwa kushinda michezo 6 kati ya 8. Kisha Amani Toomer, mpokeaji mipira wa kutegemewa, akaumia goti. Luke Petitgout, aliyelinda upande wa kushoto wa mrusha mpira wao, akavunjika mguu. Huko hakukuwa na Kiwanuka wa kuingia. Michezo minane iliyobaki walishinda 2 tu, wakamaliza 8 kwa 8, na wakatolewa na Philadelphia Eagles katika mchezo wa kwanza wa mtoano. Walionunua vizuri bado walipata hasara, kwa sababu pancha ilitokea kwenye tairi ambalo hawakuwa na akiba yake.

Hapa mpinzani wangu atasema: basi nunua akiba ya kila kitu. Hawezi. Mwaka 2006 kila timu iliruhusiwa kutumia dola milioni 102 tu kulipa wachezaji, tajiri kwa maskini sawa. Ndiyo maana drafti ni muhimu kuliko inavyoonekana. Kijana mpya analipwa kidogo kwa miaka kadhaa. Tangu makubaliano ya 2011 mkataba wa waliochaguliwa ni wa miaka minne. Mtu mzima mwenye jina anakula fedha za watu watano. Drafti ni soko la jumla la nafuu, na pale ndipo akiba inapotoka. Lakini kwa kuwa huwezi kujaza kila rafu, unalazimika kuchagua mtu anayeweza kukaa kwenye rafu mbili.

Giants walilijua hilo. Mwaka 2007 Strahan alirudi, Umenyiora akarudi, Tuck akarudi. Kiwanuka wakamsogeza nyuma, kwenye safu ya pili ya ulinzi, kazi ambayo hakuizoea. Aliikubali. Septemba 30 mwaka huo Giants waliwaangusha warusha mpira wa Eagles mara 12 katika mchezo mmoja, 6 zikiwa za Umenyiora peke yake. Mwaka uliofuata Strahan alistaafu, na kabla ya msimu kuanza Umenyiora akaumia goti. Kiwanuka akarudishwa pembeni kama vile hakuwahi kuondoka, na timu ikashinda michezo 12 kati ya 16. Mtu mmoja, rafu mbili, na hakuna aliyesajiliwa kwa kukimbizana.

Somo halikusahaulika. Mwaka 2010, wakiwa na Tuck, Umenyiora na Kiwanuka, walimchagua mvamizi mwingine, Jason Pierre-Paul, katika zamu ya 15. Maswali yakawa yale yale: wa nini tena? Msimu wa 2011 Umenyiora na Tuck walisumbuliwa na majeraha, na Pierre-Paul akaangusha warusha mpira mara 16 na nusu. Giants waliingia mtoano wakiwa wameshinda 9 na kupoteza 7, rekodi ambayo hakuna anayeiandalia sherehe, na Februari 5, 2012 wakawafunga New England Patriots 21 kwa 17 na kuchukua Super Bowl. Fainali ilichezwa Indianapolis, mji aliozaliwa Kiwanuka.

Katika fainali hiyo kuna mtu mwingine wa kutajwa. Tom Brady alitupa mpira mrefu robo ya mwisho, na ukanyakuliwa na Chase Blackburn. Huyo hakuwahi kuchaguliwa na yeyote katika drafti. Alikuwa na Giants tangu 2005, akaachwa bila mkataba kabla ya msimu wa 2011, na Novemba, wenzake walipoumia, akapigiwa simu nyumbani, akiwa amejiandaa kwenda kufundisha hesabu shuleni. Alifaa kwa sababu alizijua njia zote za pale. Akiba bora wakati mwingine ni mtu uliyemwacha aende mwenyewe.

Na hapa ndipo ninapopata shida na mchezo huu, hata nikiusifu. Siku hizi timu huanza kambi na watu 90, na kabla ya msimu lazima wabaki 53. Wengine hubakizwa kikosi cha mazoezi. Lakini ukizidisha kwa timu 32, zaidi ya watu elfu moja wanaambiwa ndani ya siku chache kwamba hawamo kwenye kikosi. Mikataba ya wengi wao haina dhamana. Kile tunachokiita upana wa kikosi kimejengwa na watu ambao mlango wao uko wazi muda wote, na wanaombwa wavunje mwili kwa ajili ya timu ambayo kesho inaweza kutowajua.

Kiwanuka mwenyewe hakuepuka. Novemba 2007, akiwa kwenye ile kazi mpya aliyopewa kwa manufaa ya timu, alivunjika mguu dhidi ya Detroit. Februari 3, 2008 Giants waliwafunga Patriots 17 kwa 14, Patriots ambao hawakuwa wamepoteza mchezo hata mmoja katika 18. Brady aliangushwa mara tano. Tuck alikuwa na siku ya maisha yake. Kiwanuka hakucheza. Aliyenunuliwa kuwa akiba naye alikuwa amehitaji akiba.

Giants hawakumtupa. Alibaki nao hadi 2014, misimu tisa, jezi ya timu moja, katika mchezo ambao wengi hawafiki hata minne. Kwangu hiyo ndiyo alama ya A ya drafti ile ya 2006, na ilichukua miaka tisa kuandikwa.

Ndugu mfanyabiashara, wewe unayesubiri mzigo uvuke Mutukula au Busia huhitaji kuupenda mchezo huu. Lakini unalo lako la kuhesabu. Una wakala mmoja wa forodha? Akiumwa wiki moja, mzigo unalala wapi? Utingo wako anajua kuendesha, au umemwahidi kumfundisha tangu mwaka juzi? Binti wa dukani anaijua bei ya jumla, au iko kichwani mwako peke yako? Kata jina la kwanza katika kila mstari, usome la pili. Kama mstari uko wazi, au una jina la mtu ambaye hujampa kazi ya kweli hata siku moja, rekebisha leo ukiwa mzima.

Na huyo wa pili ukimpata, mlipe vizuri kabla hujamhitaji. Siku utakayomhitaji, bei ataipanga yeye, na atakuwa na haki.