Usivune asali kwa hofu ya mwizi



Kila mwaka ikikaribia masika napata ujumbe wa aina moja kutoka kwa vijana: "Afisa, wezi wamepita shamba la jirani. Nivune yote kabla hawajafika kwangu?" Jibu langu huwa ni hapana. Leo nataka kueleza kwa kirefu kwa nini, maana ushauri wa kinyume na huu unazunguka sana kwenye simu zetu, na kwa ninavyoona mimi, hofu ya mwizi inamaliza makundi mengi ya nyuki kuliko mwizi mwenyewe.

Tuelewane kwanza hali yetu ilivyo. Wengi wenu mnaishi huku Kawe, Mbezi na Tegeta, wengine Mbagala na Chamazi. Huku mjini hakuna tena nafasi ya kuweka manzuki. Nyuki wa Kawe wanakaa kwenye dari za watu na kwenye kuta. Kwa hiyo mizinga yenu iko Mabwepande, Kisarawe, Mkuranga, Bagamoyo au ng'ambo ya Kigamboni. Mfugaji anaishi sehemu moja, mzinga uko sehemu nyingine, na kati yao kuna foleni ya saa mbili na nauli. Mwizi anaijua ratiba yako kuliko unavyodhani. Anajua unakuja Jumamosi, tena si kila Jumamosi.

Masika ndiyo baridi yetu

Ukisoma vitabu vya ufugaji nyuki vya Ulaya na Marekani utakuta sura nzima kuhusu majira ya baridi. Nyuki wa kule wanajikusanya kama mpira ndani ya mzinga, wanatetemesha misuli ili wapate joto, na wanakula asali waliyoweka akiba mpaka maua yarudi. Mfugaji wa kule anawaachia kilo 15 hadi 20 na zaidi, kutegemea ukali wa baridi ya eneo lake. Asipofanya hivyo anakuta maiti mzingani.

Sisi wa Pwani hatuna theluji, ila tuna masika. Kuanzia Machi hadi Mei mvua inanyesha mfululizo. Nyuki hawezi kuruka kwenye mvua kubwa, na hata ikikatika anakuta mbochi umeoshwa kwenye maua. Wiki moja ya hivyo siyo tatizo. Zikifuatana wiki tatu nne, kundi linaishi kwa akiba tu.

Tofauti yetu na Ulaya iko kwa nyuki wenyewe. Nyuki wetu wa Afrika hasubiri kufa. Akiona chakula kimeisha, anahama. Malkia anapunguza kutaga, majana yanakwisha, halafu asubuhi moja kundi zima linaondoka. Mfugaji anakuja baada ya mvua, anafungua mfuniko, anakuta mzinga mweupe, masega makavu na nondo wameshaanza kutanda utando. Anasema, "Nyuki wangu wamenikimbia." Hawakukukimbia wewe, wamekimbia njaa.

Sasa rudi kwenye lile swali la "nivune yote?" Ukivuna yote kuelekea masika, umewaondolea akiba wakati uleule wanapoihitaji. Na huishii hapo. Anayevuna kwa haraka anakata hata masega ambayo nyuki hawajayaziba. Asali isiyozibwa bado ina maji mengi. Kiwango cha kimataifa cha Codex kinataka maji yasizidi asilimia 20 kwenye asali ya kawaida. Ikizidi hapo inachachuka, na kwa unyevu huu wetu wa Pwani haichukui muda. Utakuwa umepoteza kundi, na ndoo yako inatoa povu.

Mwizi anaharibu nini hasa

Sitaki mtu aseme afisa anawatetea wezi. Uharibifu wa mwizi ni mkubwa kuliko bei ya asali aliyobeba. Anakuja usiku na mwenge wa makuti au kipande cha tairi, anachoma nyuki wakiwa wamejazana mlangoni, anavunja mfuniko, anakata kila sega, lenye asali na lenye majana. Hana muda wa kuchagua.

Piga hesabu hii. Kibarua wa nyuki anachukua takriban wiki tatu tangu yai mpaka kutoka kwenye chumba chake. Akitoka haendi mauani siku hiyo. Anafanya kazi za ndani kwanza, kulisha majana, kujenga, kusafisha, kwa wiki mbili hadi tatu. Maana yake mwizi akiteketeza nyuki wazima na majana usiku mmoja, hata malkia akipona, yai analotaga kesho yake litakupa mtafuta chakula baada ya wiki tano sita. Kundi lililopigwa mwanzoni mwa Machi linatakiwa livuke hicho kipindi katikati ya mvua. Bila msaada wako haliwezi.

Ndiyo maana nasema ulinzi wa mizinga na akiba ya masika ni jambo moja. Kundi lenye nguvu na chakula linaweza kupona pigo, lakini lililokamuliwa na mwenyewe halina pa kushikia.

Kuna wanaonijibu: "Ukiacha asali, mwizi atachukua na hiyo." Inawezekana. Ila mwizi hapimi mzinga kabla ya kuuvunja. Ataufungua uwe na masega kumi au mawili, na nyuki atawachoma vilevile. Kuvuna yote hakumzuii kuja. Kinachomzuia ni mtu.

Si kila mvunja mzinga ni mwizi

Desemba 2017, mjini Sioux City, jimbo la Iowa, Marekani, shamba moja la nyuki lilivamiwa na mizinga kama 50 ikaangushwa na kuvunjwa kwenye theluji. Nyuki waliotolewa nje kwenye baridi ile hawakuwa na namna ya kupona. Mwezi uliofuata polisi wakatangaza walioshtakiwa: watoto wawili wa kiume, mmoja miaka 12, mwingine 13.

Nimeuleta mfano huo kwa sababu huku kwetu pia tunaweka wote kwenye kapu la "wezi". Kuna mwizi wa asali. Kuna watoto wanaopita na kurusha mawe wakishindana nani atakimbia mwisho. Kuna mchoma mkaa anayetaka mti ambao mzinga umetundikwa. Na kuna jirani mwenye hasira. Huyu wa mwisho ndiye tunayemsahau. Nyuki wetu ni wakali. Wanaweza kuua kuku, mbuzi, hata mtu. Kama mbuzi wa jirani aliumwa akafa, na wewe ulikuwa mjini hupokei simu, usishangae mzinga ukiungua wiki inayofuata. Alichofanya ni kosa, lakini kilianza kama malalamiko ambayo hayakupata mtu wa kuyasikiliza.

Kila mmoja wa hawa ana dawa yake, na kufuli linamhusu mmoja tu.

Ninachoshauri

1. Punguza mizinga, ongeza macho. Mizinga 10 unayoitembelea kila baada ya wiki mbili ina faida kuliko 50 unayoiona mara mbili kwa mwaka. Najua hesabu za mizinga mingi zinavyovutia kwenye karatasi. Nyuki hawaishi kwenye karatasi.

2. Mlinzi awe na mgao. Mtafute mtu anayeishi palepale, na badala ya kumtupia elfu chache pale unapokumbuka, mpe mizinga miwili iwe yake ndani ya manzuki yako. Akilinda ya kwake amelinda na ya kwako. Andikisheni makubaliano mbele ya mwenyekiti wa mtaa au kijiji.

3. Jitambulishe kabla ya kuweka mzinga wa kwanza. Nenda serikali ya mtaa, waone majirani, acha namba ya simu inayopatikana. Kaa mbali na nyumba, njia na zizi, angalau mita 200 hadi 300. Ukivuna, jirani aonje. Kama kuna shule karibu, omba dakika kumi uongee na watoto. Ukiumiza mfugo wa mtu, lipa, tena mapema.

4. Weka alama. Choma namba na herufi zako kwenye mbao za mzinga kwa chuma cha moto, ndani na nje, kisha piga picha na uandike kwenye daftari. Mzinga usio na alama ukiibiwa utasemaje ni wako?

5. Ukiibiwa, ripoti. Pata RB polisi, mjulishe mtendaji na afisa nyuki wa halmashauri. Kuiba na kuharibu mali ni makosa chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, na mzinga ni mali kama pikipiki. Tunalalamika kwamba serikali haijali wizi wa asali, lakini wengi wetu hatujawahi kupeleka taarifa hata moja.

6. Kama mtaji unaruhusu, fikiria nyumba ya nyuki: kibanda chenye mlango wa kufunga, mizinga iko ndani na nyuki wanatokea kwenye matundu ya ukuta. Inasaidia dhidi ya mwizi, nyegere na moto wa porini. Kwa mwenye mizinga mitano sioni haja. Kwa kikundi kinachochangia gharama, inafaa.

Kuwavusha nyuki kwenye masika

Kanuni yangu ni theluthi. Ukivuna asali ya baada ya vuli, acha theluthi ya masega ya asali, yale yaliyo karibu na majana. Kata yaliyozibwa tu. Usiguse majana kabisa.

Inamisha mzinga kidogo kuelekea mlangoni maji yasituame ndani, na hakikisha mfuniko hauvuji. Paka grisi kwenye waya au miguu ya chanja kuzuia siafu na sisimizi, na urudie mvua ikiiosha. Kata majani yanayogusa mzinga, maana siafu akipata daraja grisi haina kazi.

Ukinyanyua mzinga ukaona mwepesi katikati ya mvua, lisha. Kilo moja ya sukari kwa lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, weka kwenye chombo kifupi ndani ya mzinga jioni, na vijiti vya kuelea ili nyuki wasizame. Usimwage nje, utaita siafu na nyuki wa makundi mengine. Na acha kulisha maua yakirudi. Sukari ikiingia kwenye asali ya kuuza, huo ni udanganyifu.

Kundi lililovamiwa nalo lina huduma yake. Nenda asubuhi mapema au jioni, tulia. Masega ya majana yaliyopona yafunge kwa uzi kwenye viunzi vyake, punguza upana wa mlango, lisha. Kama malkia hayupo lakini kuna mayai na majana machanga, wanaweza kulea malkia mpya, na atatoka kama siku 16 tangu yai lilipotagwa. Kama hakuna mayai kabisa, unganisha na kundi lingine. Usilitazame likinyauka.

Mkifanya haya, mvua ikikatika kipupwe kinaleta maua. Kuanzia Juni kuelekea Septemba miembe na mikorosho ya Pwani inachanua. Aliyevusha kundi zima anaanza kujaza masega wakati huo. Aliyevuna yote anaanza kupaka nta kwenye mzinga mtupu akisubiri nyuki wapitao.

Na sisi tunaonunua

Neno la mwisho kwenu mnaofungasha asali na kuweka nembo. Asali ya wizi ina soko, na baadhi ya soko hilo ni sisi. Mtu anakuja na ndoo usiku, asali inanuka moshi, ina vipande vya majana, bei iko chini. Unachuja, unafungasha, unauza kama asali ya asili. Halafu ukiibiwa wewe unashangaa wezi wanatoka wapi.

Nunua kwa mtu ambaye umeona mizinga yake. Muulize alivuna lini, wapi, mizinga mingapi. Akishindwa kujibu, mwache aende na ndoo yake hata kama una oda ya kesho. Mwizi akikosa wa kumuuzia hatakuwa na sababu ya kuwasha mwenge.

Wiki hii, kabla hujapanga siku ya kuvuna, nenda kahesabu masega. Andika mangapi yamezibwa, mangapi yana majana, mangapi utayaacha. Kisha pita kwa jirani umsalimie.