Vitafunwa vya limau: Onja uchachu kabla ya kuvunja mayai

Kitafunwa cha limau kina sehemu mbili tu. Chini ni biskuti ya siagi, juu ni rojo la mayai, sukari na maji ya limau. Hukatwa vipande vya mraba na kunyunyiziwa sukari ya unga.

Wazazi wengi wanaojaribu kukioka nyumbani hukwama kwenye uchachu. Mara kinakuwa kitamu kama peremende na limau halisikiki. Mara kinakuwa kikali, mtoto anakunja uso na kurudisha kipande kwenye sahani. Kikishaokwa hakirekebishiki tena, na mayai matatu pamoja na siagi vimeshakwenda.

Mara nyingi chanzo ni kuhesabu malimau badala ya kupima maji yake. Limau kubwa lenye maji hutoa takriban vijiko vikubwa vitatu, lakini dogo lililokauka huenda lisifikishe hata viwili. Kwa hiyo "malimau matatu" ya leo si sawa na malimau matatu ya wiki ijayo. Dawa yake ni kikombe cha kupimia.

Limau au ndimu?

Sokoni majina haya huchanganywa, na wapo wanaoita yote ndimu. Limau ni kubwa, lina ganda nene na ncha kama chuchu. Ndimu ni ndogo, ya mviringo, ganda lake ni jembamba na harufu yake ni kali zaidi. Zote zinafaa, ila anayetumia ndimu apunguze maji yake kidogo na kujazia maji ya chungwa, la sivyo watoto watalalamika.

Rangi isimdanganye mnunuzi. Katika maeneo ya joto malimau mengi hukomaa yakiwa bado ya kijani, kwa sababu ubaridi ndio husaidia ganda kugeuka njano. Apime kwa mkono na kuchagua lililo zito kuliko linavyoonekana. Kabla ya kulikata, alibiringishe juu ya meza huku akilikandamiza, maji yatatoka kwa urahisi.

Uchachu, harufu na uchungu

Ladha hizi tatu hutoka sehemu tofauti za tunda. Uchachu uko kwenye maji. Harufu iko kwenye mafuta ya ganda la nje. Uchungu uko kwenye utando mweupe ulio chini ya ganda.

Anayetaka limau lisikike zaidi bila kuongeza ukali aongeze ganda lililokwaruzwa, si maji. Akwaruze juu juu kwa kifaa cha kukwaruzia karoti, upande wa matundu madogo, na aache mara tu weupe unapoonekana.

Sufuria nayo ina mchango wake. Maji ya limau yakikaa kwenye sufuria ya alumini huchukua ladha ya chuma. Rojo lichanganywe kwenye bakuli la kioo, plastiki au chuma kisichoshika kutu, na chombo cha kuokea kitandikwe karatasi ya kuokea.

Mahitaji (vipande 16, chombo cha sentimita 20 kwa 20)

Biskuti ya chini:
- Unga wa ngano gramu 150 (kikombe 1 na robo)
- Siagi gramu 115 (nusu kikombe)
- Sukari ya unga gramu 40 (theluthi ya kikombe)
- Chumvi kidogo. Iachwe kama siagi ina chumvi

Rojo:
- Maji ya limau mililita 120 (nusu kikombe), yaliyochujwa
- Sukari gramu 200 (kikombe 1)
- Ganda lililokwaruzwa la malimau 2
- Mayai 3
- Unga wa ngano vijiko vikubwa 2

Namna ya kuandaa

1. Washa oveni nyuzi 175. Changanya unga, sukari ya unga, chumvi na siagi kwa vidole hadi vishikane. Tandaza kwenye chombo na ukandamize pawe sawa. Oka dakika 18 hadi 20, pembeni pawe na rangi ya dhahabu.

2. Wakati biskuti inaiva, sugua ganda la limau na sukari kwa vidole hadi sukari ilowe na kunukia. Mimina maji ya limau na ukoroge.

3. Onja sasa, kabla ya mayai. Mayai mabichi yanaweza kubeba vijidudu vya salmonela, hivyo rojo likishawekwa mayai asilionje mtu, hasa watoto. Katika hatua hii mchanganyiko uwe mkali kuliko unavyotaka, kwa kuwa mayai, unga na biskuti vitaupooza.

4. Ongeza mayai na unga, piga taratibu bila kutoa povu jingi, kisha mimina mara moja juu ya biskuti ikiwa bado ya moto. Ukiwa wa moto, msingi haulowi haraka.

5. Punguza moto hadi nyuzi 160, oka dakika 20 hadi 25. Epua pembeni pakishashika na katikati pakitikisika kidogo. Rojo litaendelea kukaza likipoa.

Asiye na oveni atumie sufuria kubwa yenye mfuniko: makaa mengi juu, machache chini, ili biskuti isiungue kabla rojo halijashika.

Kurekebisha kwa walaji wa nyumbani

Kipimo hiki hutoa uchachu wa wastani. Kwa watoto wadogo, maji ya limau yawe mililita 90 na maji ya chungwa 30, sukari ibaki ileile. Kwa watu wazima wanaopenda ukali, sukari ishuke hadi gramu 170. Kushuka sana chini ya hapo si vizuri, kwani sukari ndiyo inayolainisha rojo. Ikipungua mno mayai hukaza. Kuzidisha maji ya limau nako hulifanya rojo lisishike.

Nyumba yenye walaji wa aina zote mbili haihitaji mapishi mawili. Uokwe mchanganyiko wa wastani, kisha upande wa watoto unyunyiziwe sukari ya unga na upande wa wakubwa uachwe hivyo hivyo.

Hukumu ya mwisho isitolewe kikiwa cha moto. Ulimi husikia utamu zaidi kwenye chakula chenye joto, hivyo kitafunwa kinachoonekana kitamu mno kikitoka jikoni huwa sawa kikipoa. Kipoe saa moja mezani, kisha saa mbili kwenye friji, ndipo kikatwe kwa kisu kinachofutwa kila baada ya mkato.

Kwenye friji hudumu siku tatu. Pasipo friji kiliwe siku hiyohiyo, na kwa sababu ya mayai si chakula cha kushinda kwenye begi la shule juani. Baada ya kula, mtoto anywe maji na asubiri angalau nusu saa kabla ya kupiga mswaki, kwa kuwa asidi ya limau hulainisha meno kwa muda.