Kufuta Nusu Si Kufuta

Aliyesoma chuoni hausahau ubao. Waukosha kwa maji, wausugua, na bado ukiupeleka mwangani waiona rangi ya wino wa jana. Tumeukumbuka ubao huo tukiwa Eldoret, mji ulioanza kwenye shamba nambari 64 na ambao mwaka 2024 ulipewa hadhi ya jiji.

Huko tulinunua kompyuta kuukuu. Muuzaji alituapia kuwa imesafishwa na kivinjari cha mwenyewe wa kwanza kimeondolewa. Tulipotia Chrome upya, kikaamka na mambo yake yote: maneno ya siri, kurasa alizozizuru, hata anwani ya nyumbani kwake. Tukafunga upesi, maana Suratul-Hujurat imetukataza kupelelezana. Lau ingaliangukia mikononi mwa mwizi?

Asili ya jambo ni hii. Ukiondoa kivinjari katika Windows, waondoa programu tu. Kumbukumbu zake zakaa mahali pengine, ndani ya folda iitwayo AppData, ambayo kwa desturi imefichwa isionekane. Ni kweli kwamba Chrome, wakati wa kuondolewa, huuliza kwa kisanduku kidogo kama wataka na kumbukumbu zifutwe. Lakini aghalabu mtu hubonyeza tu apite. Tena hata ukikitia alama kisanduku hicho, yale yaliyokwisha kupelekwa kwenye akaunti ya Google hubaki huko, mpaka uyafute kwenye akaunti yenyewe. Anayetaka kuuza kompyuta yake hana budi kuirudisha Windows upya, akachagua kuondoa vyote na kuisafisha diski. Kazi hiyo huchukua saa kadhaa, na ndiyo sababu wengi huikwepa.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 31, imelinda faragha ya mtu, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 ikampa haki ya kutaka habari zake zifutwe. Lakini mwenye kompyuta ile atamwendea nani, naye hajui kuwa siri zake ziko dukani? Sisi twasema muuzaji huyu ameshika amana, atake asitake. Wauzaji wa Eldoret, na wa Mombasa kadhalika, na waisafishe diski mbele ya mwenyewe kabla hawajamlipa.

Ile yetu tuliisafisha wenyewe, kisha tukarudi dukani kumweleza kijana. Akatusikiliza kwa adabu, akauliza: "Mzee, kwani kuna kitu kimepotea?"