Lisiposhuka, lirudi

Taji la jino lilirudi maabara vipande viwili, vimefungwa kwenye tishu. Mama wa watu alikuwa amelivaa miezi minne tu. Daktari wake aliandika juu ya bahasha: "Zirkonia yenu mbovu."

Nikaliweka chini ya darubini. Ufa ulianzia upande wa ndani, penye mikwaruzo ambayo si ya mashine yetu. Kuna mtu alilikwangua ili likae.

Mimi ni fundi wa meno bandia, na ninaudhika tukilaumiwa kwa makosa ya mkono wa mwisho. Boksi la zirkonia, keramiki tunayochongea mataji, linatangaza nguvu ya megapaskali 1,000 na zaidi. Namba hiyo hupimwa kwenye kipande kilichoandaliwa kwa uangalifu. Kichwa cha kukwangulia chenye almasi nene kikishapita, hiyo si namba yako tena.

Wauza khanga wanaijua siri ya ufa mdogo. Wakitenganisha doti hutia mkasi kidogo ukingoni, wakavuta. Kitambaa chenyewe kinafuata. Mwaka 1920 Mwingereza A. A. Griffith alieleza jambo hilohilo kwa kioo: kinachoamua nguvu ni vijiufa vilivyomo. Chuma hunyumbuka kwenye ncha ya ufa, keramiki hainyumbuki. Na mkwaruzo uliokingama na mvuto ndio unaofunguka kwanza.

Zirkonia ina ujanja wake, nakubali. Ufa ukianza, chembe za jirani hubadili umbo, zikafura kama asilimia 4 na kuubana. Ndiyo maana wapo wanaodai kukwangua kunalikaza taji: tabaka la juu hufura na kubanwa. Labda, kwa almasi laini, maji tele na mkono mwepesi. Ukikandamiza almasi nene, tena kavu, ufa hupenya chini ya tabaka lililobanwa, kisha mate yanausogeza polepole. Zile zirkonia angavu zinazogombaniwa siku hizi kwa kufanana na jino halisi, ndizo zenye ujanja huo haba zaidi.

Kwa hiyo madaktari wangu, chukueni vipimo vizuri. Ikibidi kukwangua kitini, wekeni kando kichwa chenye mkanda wa kijani, ndiyo almasi nene, chukueni chekundu, kilicho laini, fungueni maji, kisha ng'arisheni kwa raba zote za kung'arishia, si ya kwanza tu. Hilo litaliokoa pia jino linalokutana na taji, maana zirkonia yenye mikwaruzo inasaga kama msasa.

Yule mama tumemtengenezea jingine bila malipo. Kwenye bahasha nimeandika: "Lisiposhuka, lirudi. Bodaboda juu yetu."